Kabla hujafungua mtungi wa naitrasi, jua kwanza taimingi yako iko wapi

Wakuu, naona siku hizi kila kijana mwenye Corolla anataka kufunga naitrasi, ile gesi ya nitrous oxide inayopulizwa kwenye injini kuongeza nguvu. Sawa, gari lako na hela yako, ila kuna mambo ya kumaliza kwanza na ukiyaruka injini itakuonyesha. Nitatumia mfano wa 4A-FE ya distributa, injini ya Corolla za zamani yenye kifaa kimoja kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi zote, kwa sababu wengi ndiyo wanaanza nayo. Ikiwa nzima ina farasi kama 110 hivi, kwa hiyo shoti ya 50 (naitrasi ya kuongeza farasi 50) ni nyingi tayari, anayekwambia weka 100 kwenye pistoni za kiwandani mwambie aanze na ya kwake.

Pima kompresheni. Silinda moja ikiwa chini kuliko wenzake ishia hapo hapo, kafanye ovahouli.

Pampu ya mafuta, filta na injekta ziwe safi. Naitrasi yenyewe haiungui, inachofanya ni kuleta oksijeni, ikifika kwenye joto la kama sentigredi 300 inavunjika na kuiachia, sasa hiyo oksijeni ikikosa petroli ya kutosha itatafuta kitu kingine cha kula na kilicho karibu ni pistoni.

Plagi weka za baridi zaidi, kwa NGK namba ikipanda ndiyo baridi, ulikuwa na 5 nenda 6 au 7, na gepu ibane mpaka kama milimita 0.8.

Mtungi fungia geji. Presha unayotaka ni psi 900 mpaka 1,000, ukiliacha gari juani Dar na mtungi uko kwenye buti utakuta imepita hapo, na ikipita naitrasi inaingia nyingi wakati jeti ya petroli, kile kitundu kinachopimia petroli ya ziada, ni ile ile. Funga pia swichi ya mizunguko, naitrasi ifunguke ukiwa umekanyaga mpaka chini na injini imeshapita 3,000, halafu ijikate kabla ya limita, yaani ukomo wa mizunguko, maana kontroboksi (kompyuta ya injini) ikikata petroli kwenye limita na naitrasi bado inamwagika hapo hata dua haisaidii.

Haya, sasa taimingi, yaani muda ambao cheche ya plagi inaruka, hapa ndiyo watu wanaliwa. Mchanganyiko wenye naitrasi unaungua haraka kuliko wa kawaida, kwa hiyo cheche ikirushwa muda ule ule wa zamani presha inafika kileleni mapema mno, pistoni bado inapanda huku moto unaisukuma kushuka. Ndiyo maana tunarudisha taimingi nyuma, kianzio cha wengi ni digrii 2 kwa kila farasi 50 unazoongeza. 4A-FE inatakiwa iwe digrii 10 za mzunguko wa krenki kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa), kwa shoti ya 50 unaishusha mpaka 8. Injini iwe imepata moto, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kawaya kwenye kile kiboksi cha daignosisi chini ya boneti, bila hivyo kontroboksi inaendelea kuichezesha taimingi na wewe unazungusha distributa unafukuza kivuli. Legeza bolti, zungusha distributa kufuata upande rota inakozunguka, taimingi inarudi. Kaza, halafu pima TENA, kwa sababu kukaza kwenyewe huwa kunaisogeza.

Rahisi eeh? Jamaa mmoja tunayefahamiana alifanya yote hayo. Fundi wake ni makini kabisa, ana taa ya taimingi nzuri, ile inayomulika alama ya puli ya krenki kila cheche ikiruka, akaiweka 8 na wote tuliokuwepo tukaiona 8. Gari lilienda vizuri, akapiga shoti mara kadhaa safi, halafu siku moja likaanza kutoa moshi wa bluu na nguvu hakuna. Kufungua, pistoni namba tatu ukingo unaoshika ringi umevunjika kipande, na juu yake kuna vidoa kama imepigwa changarawe. Kila mtu akasema si tuliwaambia, naitrasi inaua injini. Ila kuna mzee pale gereji hakukubali, akasema dalili hii ni ya taimingi iliyotangulia. Wakabishana sana maana 8 waliiona kwa macho. Mzee akaipandisha pistoni namba moja juu kabisa kwa mkono, akatuita tuangalie puli ya krenki, alama haipo kwenye sifuri, imeshaipita kama digrii 6.

Puli ile ni vipande viwili, kitovu cha ndani na pete ya nje, katikati kuna raba. Raba ikizeeka au ikinywa oili pete inateleza, na alama ya taimingi iko kwenye pete. Hii iliteleza kuelekea upande injini inakozunguka, kwa hiyo alama ilikuwa inawahi kufika, taa inasoma 8 kumbe cheche inaruka kwenye 14. Bila naitrasi gari lilivumilia, pengine lilionekana hata jepesi, na ndiyo maana hakuna aliyestuka. Alidhani amerudisha digrii 2 kumbe ametangulia 4 zaidi ya kiwanda.

Kwa hiyo KABLA hujagusa distributa hakikisha TDC ya kweli. Toa plagi zote, kwenye tundu la namba moja funga kizuizi cha pistoni, fundi yeyote wa kuchonga anakutengenezea kwa plagi mbovu. Zungusha krenki kwa spana taratibu, usithubutu kutumia stata, ikigusa kizuizi chora alama kwenye puli mkabala na sifuri. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena, chora nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo TDC. Kisha piga mstari wa rangi ya kucha kutoka kitovuni, upite juu ya raba mpaka kwenye pete, siku ukiukuta umekatika nunua puli mpya na usijadiliane na mtu.

Ukishafunga, weka plagi mpya, piga shoti moja (uwanjani, siyo barabarani kwenye bodaboda), zima injini hapo hapo ukiwa kwenye nyutro, toa plagi uzisome. Vidoa vyeusi au vinavyometameta kwenye kauri nyeupe ni dalili ya kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda, rudisha digrii nyingine. Angalia pia kile kikono cha juu, rangi inapobadilika karibu na mzizi taimingi imetangulia sana, ikiwa kwenye kona uko vizuri.

Na mliotengeneza gari Nairobi halafu mnashuka nalo Mombasa, kule chini hewa ni nzito na joto ni kali, pimeni upya. Injini za koili kila silinda hazina distributa ya kuzungusha, hiyo ni kazi ya kompyuta, tafuta anayejua. Mtungi ufungwe kwa bolti siyo kamba, naitrasi ya magari huwekewa salfa dayoksaidi kwa hiyo msijaribu kuivuta puani, na petroli ya kwenye vidumu sahau kabisa. Mafuta ya breki yenyewe umebadilisha lini?