Kabla hujaitumia laptopu isiyo na betri

Usiku mmoja wa kufunga muhula nilikuwa naingiza alama za darasa zima, nimebakiza wanafunzi sita tu, laptopu ikazimika. Betri yake ilikufa zamani, kwa hivyo nilikuwa nategemea umeme wa ukutani. Nikatoka barazani nione kama Wete nzima, mji wetu huku Pemba, iko kizani. Kwa jirani taa zinawaka. Kumbe yuniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ndizo zilizokwisha, na tangu asubuhi hakuna mtu ndani ya nyumba aliyeiangalia mita.

Tangu siku hiyo, anayeniuliza kuhusu kutumia laptopu bila betri namwambia aanzie kwenye mita yake mwenyewe. Sote hulalamikia umeme kukatika, na unakatika kweli, lakini nyumba yenye friji, pasi na pampu ya maji inaweza kumaliza yuniti wakati wewe uko katikati ya ukurasa.

Halafu itazame betri yenyewe. Kama imekufa tu, haikai na chaji lakini umbo lake halijabadilika, na iko ndani ya mashine, inaweza kubaki hapo mpaka upate nyingine. Lakini ukiona padi ya kipanya imenyanyuka, mfuniko haufungi sawasawa, au laptopu inayumba juu ya meza iliyonyooka, betri imevimba. Hiyo itolewe na fundi, tena upesi. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, na nakusihi usiitupe kwenye taka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi, na moshi wake ni sumu.

Betri ikishatoka, iwashe laptopu kwa chaja peke yake kabla hujapanga kazi yoyote. Aina nyingi huwaka, nyingine hukataa kabisa. Zipo pia zinazowaka lakini zikajipunguzia kasi zenyewe, watu wakadhani zina virusi. Sababu ni kwamba betri ilikuwa na kazi ya pili ambayo hatuioni: mashine ikitaka nguvu nyingi kwa ghafla kuliko inayotoka kwenye chaja, betri ndiyo inayojazia. Isipokuwepo, mzigo wote ni wa chaja. Kwa hivyo soma kibandiko cha chaja, pale palipoandikwa OUTPUT. Volti 19.5 mara ampea 3.34 ni kama wati 65. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Laptopu iliyokuja na chaja ya wati 90 ukiipa ya 65, inaweza kupunguza kasi au kuzimika pale utakapofungua video au programu nzito.

Waya ndio unaohitaji uangalifu kuliko vyote, na ndio tunaoudharau. Laptopu yenye betri, mtoto akipita akaukwaa waya, hakuna kinachoharibika. Isiyo na betri inazimika papo hapo. Kwa hivyo usikae ukumbini kwenye mkeka, waya umekatiza njia ya watu. Kaa karibu na soketi, waya upite ukutani, na mwisho wake uufunge kwa tepu kwenye mguu wa meza, ili ukivutwa uvutike mguu wa meza na si tundu la chaja. Tundu lenyewe litikise taratibu: kama taa inazima na kuwaka, lishughulikie kwanza, kwa sababu hapo hata kuhamisha mkono kutakuzimia kazi. Na sisi tunaoishi karibu na bahari, hewa ya chumvi hula miguu ya plagi. Ichomoe mara kwa mara uitazame kutu.

Laptopu nyingi za mtumba huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu ni za miguu mitatu kama za Uingereza, na watu huzifungua kwa kuchomeka ncha ya kalamu kwenye tundu la juu. Tafadhali usifanye hivyo. Plagi inakaa kwa kuning'inia, inacheza, inatoa cheche. Nunua waya wa miguu mitatu wenye fyuzi, au adapta inayokaza.

Unguja walikaa bila umeme karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kukatika kwa muda mrefu kunakukasirisha, lakini faili zako hazidhuriki, kwa sababu hakuna unachoandika. Kinachoua faili ni umeme kupepesa sekunde moja ukarudi, taa hata hukuiona ikizima. Dawa yake ni UPS ndogo, kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani ukikatika. Betri yake kwa kawaida ni ya volti 12 na ampea-saa 7, na laptopu haili umeme mwingi, kwa hivyo utapata muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu. Ukinunua iliyotumika, ijaribu dukani kwa kuchomoa plagi yake ikiwa na mzigo.

Asiye na UPS azoeshe vidole Ctrl na S kila baada ya aya. Word hujihifadhia kila dakika 10. Ingia kwenye mipangilio uipunguze iwe dakika moja. Usiilaze laptopu kwa kufunga mfuniko, izime kabisa. Na sasisho la BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, usiliguse, kwani umeme ukikatika katikati yake mashine inaweza isiwake tena. Wakati wa masika, ukisikia radi, chomoa. Umeme ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka.

Kama tarehe inarudi nyuma kila ukichomoa, tovuti nyingi zitakataa kufunguka, na wewe utalaumu bando. Mara nyingi ni kibetri kidogo cha sarafu, CR2032, kilichokaa ndani. Mwombe fundi akibadilishe siku ileile anapofungua kutoa betri kubwa, usije ukalipia kufunguliwa mara mbili.