Umemaliza mafunzo ya GP Uingereza? Hivi ndivyo unavyohamisha faili lako na kujiandaa kwa tathmini ya kwanza

Miaka 3 ya mafunzo ya GP (daktari wa familia) ikiisha, macho yote huwa kwenye kutafuta kliniki ya kukuajiri. Lakini kuna mabadiliko mengine yanayopita kimyakimya. Ukiwa mafunzoni, leseni yako ilikuwa na mlezi: Postgraduate Dean (mkuu wa mafunzo ya madaktari) wa eneo lako ndiye aliyekupendekeza kwa GMC, baraza la madaktari la Uingereza, na kikao cha ARCP cha kupitia maendeleo yako ndicho kilichohesabiwa kuwa tathmini yako ya mwaka. Mafunzo yakiisha, ulezi huo nao umekwisha, na hakuna anayekuhamishia faili. Maelezo haya ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana mifumo yao, ingawa GMC ni ileile.

Anzia ARCP ya mwisho. Unachotaka ni Outcome 6 (umemaliza mafunzo), maana yake mitihani ya AKT na SCA umefaulu na kazi zako kwenye FourteenFish, jalada la mafunzo la mtandaoni, zimekamilika. Kabla ya kikao utajaza Form R Part B. Ijaze bila kuficha kitu: zamu za lokamu (daktari wa muda), kazi ya kujitolea, siku ulizokosa kazini nje ya likizo ya mwaka, malalamiko na uchunguzi wowote. Lalamiko ulilolitaja mwenyewe huzungumzwa na kufungwa. Lililogunduliwa baadaye hugeuka kuwa swali la uaminifu, na hilo ndilo GMC hailichukulii kwa wepesi. Kwa kawaida tarehe yako ya kuthibitishwa upya (revalidation, GMC inapothibitisha kwamba unastahili kuendelea na leseni) huwekwa pamoja na ya CCT, cheti cha kumaliza mafunzo, kwa hiyo unathibitishwa unapomaliza na mzunguko mpya wa miaka 5 unaanza hapo. Aliyechukua likizo ya uzazi au kufunzwa nusu muda huenda akathibitishwa katikati, kisha tena mwishoni.

CCT unaiomba kupitia GMC Online, na una miezi 12 tangu mafunzo yaishe. Mwaliko huja kwa barua pepe, kwa hiyo ondoa mapema anwani ya hospitali uliyohama na uweke yako binafsi. Ukishalipa na RCGP, chuo cha kitaaluma cha ma-GP, ikatoa pendekezo lake, GMC inakuingiza kwenye Rejista ya GP. Ifungue rejista hiyo, ipo wazi kwa umma, ujione kwa macho yako. Jina lisipokuwemo, huruhusiwi kufanya kazi ya GP kamili ndani ya NHS (huduma ya afya ya umma) hata kama mkataba umetiwa saini na zamu ya Jumatatu imeshapangwa.

Kisha ingia PCSE Online, tovuti ya usajili wa ma-GP wa NHS England. Kwenye Performers List, orodha ya wanaoruhusiwa kufanya kazi ya GP ndani ya NHS, uliandikwa kama GP aliye mafunzoni, na hadhi hiyo haijibadilishi yenyewe. Omba ibadilishwe, na hakikisha anwani na jina vinafanana na vya GMC. Kwetu sisi wenye majina matatu, au jina la baba lililogeuzwa la ukoo kwenye pasipoti, hapa pana usumbufu wake.

Hatua inayosahaulika kuliko zote ni ya Designated Body, chombo kinachosimamia tathmini na uthibitisho wako. Rudi GMC Online, fungua My Revalidation, ondoa ofisi ya mafunzo na uweke NHS England ya kanda yako. Hata ukiwa lokamu wa kliniki sita, chombo chako ni kimoja tu, kile kinachokushika kwenye Performers List. Wakala wa lokamu akikuambia ujiunge na chake, mshukuru na ubaki ulipo. Ukiacha sehemu hiyo bila kuijaza, Responsible Officer mpya, daktari wa chombo hicho anayekupendekeza kwa GMC mahali pa Dean, hana habari kwamba upo, na tathmini yako haina wa kuipanga.

Ukishaunganishwa utapewa mwezi wa tathmini. Mwaka wake unaanza 1 Aprili hadi 31 Machi. Anayekutathmini ni GP mwenzako aliyefunzwa kazi hiyo, na kikao ni mazungumzo, hakuna kufaulu wala kufeli. GMC inataka aina 6 za taarifa: masomo endelevu, kuboresha huduma, matukio mazito, maoni ya wagonjwa, maoni ya wafanyakazi wenzako, pamoja na malalamiko na pongezi. RCGP inashauri saa 50 za kujifunza kwa mwaka. Kazi zote zinazotumia leseni yako ziingie, hata kliniki ya binafsi ya Jumamosi.

Usijaze faili vyeti. Mtathmini hanufaiki na maneno kama “Nilihudhuria semina ya kisukari, nimejifunza mengi.” Andika hivi: “Mtoto mwenye homa alirudishwa siku ya pili akiwa amezidiwa. Nilikuwa nimemweleza mama kwa mdomo tu, tena kwa haraka. Sasa natoa dalili za hatari kwa maandishi, na kama Kiingereza kinamtatiza natafuta mkalimani.” Mistari mitatu inatosha. Jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, chochote cha kumtambulisha mgonjwa kisiwemo. GMC imesema haitadai maandishi haya ili kumchunguza daktari, lakini mahakama inaweza kuyaita.

Maoni ya wagonjwa na ya wenzako yanatakiwa angalau mara moja katika miaka 5. Yafanye mwaka wa pili au wa tatu. Anayengoja wa tano hujikuta amehama kliniki na hana wa kumjazia fomu.

Tarehe ikikaribia, Responsible Officer hutuma moja kati ya mambo matatu: uthibitishwe, usogezewe tarehe, au kwamba wewe hukushiriki tathmini. Kusogezewa si adhabu na leseni inaendelea. Kutoshiriki ndiko kunakoweza kukunyang'anya leseni.

Mwenye viza ya Skilled Worker aulize mapema kama kliniki anayoitaka ina kibali cha kudhamini, kwa sababu nyingi ndogo hazina. Na anayerudi Nairobi au Dar anaweza kuachia leseni na kubaki kwenye rejista bila leseni, hapo tathmini na uthibitisho havimhusu. Kabla ya kuachia, aombe GMC cheti cha hadhi yake ya kitaaluma, maana baraza la madaktari la nyumbani litakihitaji.