SOMO: Radi shuleni na njiani, tujipange kabla ya vuli

Mwangaluka wana Mwanza, na salamu kwa wa Sengerema, Ukerewe na Geita. Vikao vya wazazi tunakaa, tunachangishana madawati na uji wa watoto, lakini radi haimo kwenye ajenda. Na huku kwetu si habari ya mbali. Oktoba 2018 iliua wanafunzi 6 mkoani Geita. Januari 2025 ikaua wengine 7, wa sekondari, wilayani Bukombe, wakiwa darasani. Kwa hiyo mtu asikuambie watoto wakishaingia ndani basi yameisha.

Chanzo ni ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani, hewa inapanda na mawingu yanajijenga juu yetu. Usiku mambo yanageuka, ngurumo zinahamia majini, wavuvi wa dagaa wanalijua hilo. Kwa mzazi maana yake ni moja: saa mbaya ni alasiri, ileile ya watoto kurudi nyumbani.

Hatua ya 1: Mkubaliane nani anawazuia watoto. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na halina gharama. Mwalimu wa zamu apewe ruhusa ya kuwashikilia watoto hata kama muda wa kutoka umefika, na mzazi asipige simu kufoka kwamba mwanawe amechelewa kuchota maji.

Kipimo chake ni hiki. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ukifika 30 au chini ya hapo, hatoki mtu. Ruhusa inatolewa dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, siyo baada ya mvua kukatika. Hapo ndipo wengi wanapoponzeka: mvua imekata, jua limechungulia, watoto hao uwanjani. Radi inaweza kupiga hata kilomita 10 kutoka pale mvua inaponyesha.

Hatua ya 2: Tazameni kengele iko wapi. Shule nyingi kengele ni rimu la gari lililoning'inizwa kwenye mwembe. Sasa fikiria: wingu limefunga, mwalimu anataka watoto waingie, anamtuma kiranja akagonge. Mtoto amesimama chini ya mti mrefu, kashika chuma, anapiga chuma. Nunueni filimbi.

Hatua ya 3: Ndani ya darasa. Watoto waondoke barazani, wakae mbali na kuta, milango na madirisha ya nondo, wasiguse swichi wala bomba. Wakae kwenye madawati, wasilale sakafuni.

Hatua ya 4: Njia ya nyumbani. Tembea na mwanao njia nzima, umwonyeshe nyumba za kukimbilia: ya mama fulani, duka, kanisa, msikiti, gari lenye bodi ya bati lililofungwa vioo. Mwonyeshe pia pa kukwepa: chini ya mti, juu ya majabali yetu haya, kando ya uzio wa waya, kwenye magoli ya chuma, na majini. Mtoto wa visiwani asipande mtumbwi wingu likiwa limesimama. Anayechunga ng'ombe awaache. Ng'ombe watatafutwa baadaye. Na ajue kichwani namba moja ya simu ya nyumbani.

Hatua ya 5: Mtego wa radi. Kamati nyingi zikiona ncha ya chuma juu ya paa zinaridhika. Usiangalie juu, angalia chini. Fuata ule waya wa shaba unavyoshuka ukutani mpaka unapoingia ardhini. Mara nyingi umekatwa usawa wa mkono, umeuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mtego usiofika ardhini ni hatari, maana umeme ukishuka utatafuta njia kupitia ukuta na watu. Halafu kuna shida yetu ya Mwanza: mawe hayapitishi umeme vizuri. Fundi akizika fimbo moja fupi juu ya mwamba, kazi bado. Mdaini apime ukinzani wa ardhi, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita, na mara nyingi hulengwa usizidi omu 10. Kipimo kifanyike mbele ya kamati.

Hatua ya 6: Mtu akipigwa. Mshike bila woga, mwili wake haubaki na umeme. Ila kama ngurumo bado zipo, kwanza mwingizeni ndani. Wakiwa wengi, anzeni na aliyelala kimya asiyepumua. Anayelia, anapumua. Weka mikono katikati ya kifua, gandamiza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mpulizie pumzi kama umefundishwa. Radi husimamisha pumzi, na wengi huokolewa hapohapo, kabla ya gari kufika. Piga 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Hata aliyeinuka mwenyewe apelekwe zahanati.

MASWALI

*Mzazi, Igoma:* Bibi yao anawakataza kuvaa nguo nyekundu na anafunika kioo. Ni kweli?

Rangi haiiti radi. Radi hufuata kirefu, kilichochongoka, kilichosimama peke yake. Bibi mwacheni afunike kioo chake, hakimdhuru mtu, lakini mwombeni achomoe na TV.

*Mama, Buhongwa:* Na simu je?

Ukiwa ndani na haipo kwenye chaji, ongea tu. Ikiwa kwenye waya, iache.

*Baba, Ukerewe:* Mnaongea kisomi. Radi nyingine zinatumwa.

Mzee wangu, hata kama imetumwa, imeshafika. Mtoto amelala hapumui. Mgandamize kifua kwanza, mengine mtayazungumza wazee jioni.

*Mwalimu, Sengerema:* Madarasa yetu ya bati, hayana umeme wala mtego, na fedha hakuna. Tunawaweka wapi watoto?

Mwalimu, wakae humohumo, mbali na kuta kama nilivyosema. Si salama kamili, ila ni afadhali kuliko uwanjani. Kama jirani kuna jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba, ombeni ruhusa mapema, mhamie wingu likianza kufunga, siyo likishapiga. Na barua ya mtego ipelekeni kwa mtendaji wa kata sasa, ikiwa na picha ya jengo na muhtasari wa kikao.

*Mzazi, Nyakato:* Wangu anarudi kwa bodaboda.

Boda haikingi chochote. Mwambie dereva asimame kwenye duka la kwanza, na malipo ya kusubiri mkubaliane leo.