Umepewa 1099 wakati wewe ni mwajiriwa? Jinsi ya kuomba IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) waamue kwa fomu SS-8

Kama uko Marekani unahudumia wazee majumbani, unasafisha maofisi au unabeba maboksi, halafu mwaka ukiisha badala ya W-2 (karatasi ya mshahara ya mwajiriwa) unaletewa 1099-NEC (karatasi ya malipo ya kontrakta, yaani aliyejiajiri), soma hapa kabla hujalipa kitu. Mimi nililipa kwanza ndo nikasoma.

Bosi alinisainisha karatasi kwamba mimi ni kontrakta, nikaona poa tu, hela inaingia nzima haikatwi. Kumbe kwenye sheria ya kodi, kifungu 3401 na kanuni zake, jina mlilopeana halina kazi, kinachoangaliwa ni nani ana haki ya kukuelekeza, sio matokeo tu bali hata namna unavyoifanya kazi yenyewe, na hata asipokusimamia inatosha kwamba haki hiyo anayo. Mimi napangiwa shifti, navaa yunifomu yao, nikichelewa dakika kumi simu inalia. Kontrakta gani anaomba ruhusa kwenda msibani? Na ukishakuwa mwajiriwa, kukata kodi kwenye mshahara ni wajibu wa mwajiri.

Haya, pakua SS-8 kwenye tovuti ya IRS, ni bure, mtu akikudai "ada ya fomu" kimbia. Jina na namba unajua mwenyewe. Kaa na yale maswali ya nani anakupangia kazi, nani anatoa vifaa, nani anabeba hasara. Mimi niliandika "bosi ananielekeza", basi, sentensi moja, aibu tupu. Eleza kwa mifano, ambatanisha nakala ya 1099, mkataba na meseji za ratiba. Swali lisilokuhusu andika halihusiki, usiliache tupu.

Sasa nilipoungulia: niliibana SS-8 na ritani ya kodi (ile taarifa ya kodi ya mwaka) kwenye bahasha moja, nikajiona mjanja nimeokoa stempu. Fomu imekataza kabisa! Inatumwa peke yake, kwa posta kwenda Holtsville, New York, au kwa faksi (ndio, faksi, zama hizi). Nikakaa miezi minne nasubiri jibu la kitu ambacho ofisi husika hawajakiona, na hata wakikiona wenyewe wanasema tegemea miezi sita au zaidi.

Kwa hiyo usisubiri jibu ndo upeleke ritani. Tuma SS-8 kwanza, kisha kwenye ritani weka fomu 8919 (ya kulipa sehemu yako tu ya Social Security na Medicare, yaani michango ya pensheni na bima ya afya ya uzeeni), pale kwenye sababu andika G, yaani nimeomba sijajibiwa. Kwa dola 20,000 unalipa 7.65% yako ya Social Security na Medicare, dola 1,530, badala ya karibu 2,826 anayolipa aliyejiajiri kabla hajatoa gharama zake. Kodi ya mapato yenyewe iko palepale, hiyo hukwepi.

Halafu hamna kuomba kimyakimya, IRS wanamwandikia na bosi aeleze upande wake. Mimi niliporudia kutuma mara ya pili nilihakikisha kwanza nimepata kazi kwingine.