Somo: Kuchora mwendo bila kuchora gari (tabaka kwa tabaka, kwa mfano wa Julie Mehretu)

Habari za kazi wanachama. Somo hili niliwaahidi tangu mwezi uliopita, mnisamehe.

Mwambie mtu wa Dar achore kasi, atakuchorea basi la mwendokasi na mistari mitatu nyuma yake. Nami nilianzia hapo. Baadaye nikaacha basi nikaingia kwenye picha dhahania (zisizoonyesha kitu halisi), na kwa mwaka mzima nikawa narusha brashi kwa nguvu nikidhani mkono ukikimbia na picha itakimbia. Wapi. Ilionekana kama mtu kagombana na ndoo ya rangi.

Aliyenifungua macho ni mchoraji Julie Mehretu. Amezaliwa Addis Ababa mwaka 1970, familia ikahamia Michigan, Marekani, mwaka 1977. Baba yake alikuwa mhadhiri wa jiografia, na mimi nikitazama kazi zake za mwanzo, zilizojaa ramani na michoro ya majengo, huwa simsahau huyo mzee. Itafuteni Stadia II ya mwaka 2004, muikuze kwenye simu. Chini kabisa kuna mistari ya uwanja wa michezo, imejipinda kama ukingo wa bakuli. Juu yake vipande vya rangi vinavyokumbusha bendera. Juu zaidi, alama nyeusi ndogondogo za wino zinazotawanyika kama kumbikumbi. Hakuna mchezaji, hakuna shabiki, lakini unajua kabisa kwamba hapo goli limeingia.

Sasa tazama tena. Zile alama zinakimbia kwa sababu chini yake kuna kitu kilichotulia tuli, kimechorwa kwa uangalifu wa msanifu majengo. Na kati ya tabaka na tabaka amepaka akriliki angavu (ile isiyo na rangi, unaona kilicho chini yake), ikakauka, ikapigwa msasa hadi ikawa laini, ndipo akaendelea. Ile kasi imetengenezwa polepole mno, kama fundi wa gereji anayenyoosha bodi kabla ya kupuliza rangi.

VIFAA
Plaiwudi ya sentimita 60 kwa 80, kitambaa cha amerikani, gundi nyeupe ya mbao, rangi nyeupe ya ukutani ya maji, akriliki angavu (vanishi ya maji isiyo na rangi inafaa kwa mazoezi), msasa wa maji namba 400 na 600, kalamu za wino usioyeyuka kwa maji, wino mweusi wa chupa, tepu ya karatasi, rula ndefu, akriliki za rangi tatu. Nimesema tatu. Msiniletee kumi na mbili.

HATUA YA 1: Msingi
Gundisha amerikani juu ya plaiwudi, usiiwambe kwenye fremu tupu. Hili nimejifunza kwa hasara. Picha yangu ya kwanza ya namna hii niliiwamba kwenye fremu, nikafika tabaka la nne, nikawa napiga msasa huku naimba. Pale ambapo ubao wa fremu unagusa kitambaa kwa nyuma, msasa ulikula rangi yote ukafika kwenye nyuzi. Mstari mweupe wa kunyooka, pembeni kote, kama alama ya soksi mguuni. Kazi ya wiki tatu.

Kwa hiyo plaiwudi. Paka rangi nyeupe mara tatu, msasa kila mara.

HATUA YA 2: Chora kilichotulia
Chagua mahali penye pilika: uwanja, stendi, soko, makutano ya barabara. Usichore watu wala magari. Chora nguzo, ngazi, paa, kingo za barabara, kwa penseli na rula, kisha pitisha kalamu nyembamba. Unaweza kulaza sehemu mbili tatu pamoja. Mehretu kwenye Mogamma, picha nne kubwa za mwaka 2012 zilizobeba jina la lile jengo lililokuwa la ofisi za serikali kando ya uwanja wa Tahrir mjini Kairo, aliingiza viwanja vya umma vya miji mbalimbali, hata Meskel Square ya Addis Ababa. Mistari ikipishana, jicho linaanza kutembea lenyewe.

Kabla hujaendelea, jaribu kalamu yako kwenye kipande cha pembeni: chora, subiri ikauke, pitisha brashi yenye maji. Ikichuruzika, hiyo ni ya kuandikia barua.

HATUA YA 3: Funika, piga msasa
Hapa ndipo wengi mnaruka. Paka akriliki angavu nyembamba, iache ilale usiku mzima. Msimu wa mvua, na unyevu wetu wa pwani, ipe siku mbili. Kisha lowesha msasa namba 400, zungusha taratibu bila kukandamiza, malizia na 600. Utaona uji mweupe unatoka, usiogope. Futa kwa kitambaa kibichi, inama, tazama picha kwa ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha. Pale panapong'aa hapajaguswa na msasa. Pakiwa na ufifi sawia kote, umemaliza. Rudia mara mbili.

Ile michoro sasa imerudi nyuma, kama unaiona kupitia kioo cha daladala. Huo umbali ndio tuliokuwa tunautafuta, maana alama ya juu haiwezi kukimbia kama haina mahali pa kukimbilia.

HATUA YA 4: Vipande vya rangi
Vichache, vyenye kingo kali, kwa tepu. Viwe na uelekeo mmoja mkubwa na mmoja unaoupinga. Funika tena, piga msasa tena.

HATUA YA 5: Alama
Kabla ya kushika wino, nenda kakae stendi nusu saa na daftari. Usichore bodaboda, chora kona anayoikata. Mtazame vizuri: kabla ya kukata anapunguza kidogo, mwili unalala, halafu anatoka kwa kasi zaidi ya aliyoingia nayo. Kwa wino, hiyo ni alama inayoanza nene, inabanwa katikati, inatoka nyembamba na ndefu. Konda anayening'inia mlangoni ni alama fupi yenye mkia. Umati unaogombea mlango ni nukta zinazosongamana kisha zinafunguka. Jaza kurasa kumi za hizo, ndipo urudi kwenye picha.

Na ukirudi, usizisambaze sawasawa kama chumvi kwenye chipsi. Zisonge mahali, ziache mahali. Patupu ndipo jicho linapopata kasi.

HATUA YA 6: Futa
Chagua sehemu uliyoipenda kuliko zote, ipige msasa nusu. Najua inauma. Mehretu pia anafuta na kuchafua kazi yake mwenyewe, na katika picha zake nyingi za miaka ya karibuni yale mafutiko ndiyo ukungu ambao alama mpya zinachomoza kutoka ndani yake. Kisha ongeza alama chache za mwisho juu ya ukungu huo.

Kwa wanaopenda magari: BMW walimpa Mehretu gari la mbio, M Hybrid V8, alipambe. Lilionyeshwa kwenye jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris, mwezi wa tano mwaka 2024, na mwezi uliofuata likaingia mbio za saa 24 za Le Mans. Alichukua picha yake iitwayo Everywhen akaivisha gari, kana kwamba gari limepita katikati ya picha likatoka nayo mwilini. Kabla yake, mwaka 1991, mama yetu Esther Mahlangu wa Afrika Kusini alishapamba BMW kwa michoro ya Kindebele. Picha ya kwenye gari nisingeifanya mfano wa somo hili, lakini: gari linakimbia lenyewe, picha ya ukutani haina injini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: Shikamoo mwalimu. Mimi natoka kwenye Tingatinga, nina makopo ya rangi ya mafuta. Siwezi kuyatumia?

Marahaba. Unaweza, ila yawe ya mwisho kabisa. Akriliki ya maji juu ya rangi ya mafuta haishiki, itabanduka kama ngozi ya kiazi. Rangi ya mafuta juu ya akriliki iliyokauka haina shida. Lakini mng'ao wake utapiga kelele kuliko wino, kwa hiyo kidogo tu.

Mwanachama wa Mombasa: Sina projekta. Mehretu si huwa anarusha michoro kwa mashine?

Naam, michoro ya majengo ameirusha kwa projekta. Wewe gawanya picha ya simu kwa miraba, chora miraba hiyohiyo kwenye ubao kwa penseli hafifu, hamisha mraba kwa mraba. Inachosha, lakini utaijua ile stendi kuliko makonda wake.

Mwanachama wa Morogoro: Yangu imekuwa utando wa buibui mtupu. Nimekosea wapi?

Nimeiona picha uliyotuma. Alama zako zote zina unene mmoja na urefu mmoja, na umejaza hadi pembeni. Usiitupe. Paka akriliki angavu iliyochanganywa na nyeupe kidogo sana juu ya theluthi mbili ya picha, msasa, halafu weka alama kubwa tatu tu. Tatu, dada.

Mwanachama wa Nairobi: Picha za Mehretu ni kubwa sana. Kwa ubao wa sentimita 80 kweli mwendo utaonekana?

Kubwa kweli. HOWL, eon, picha zake mbili za jumba la sanaa la San Francisco, alizichorea kwenye kanisa lisilotumika tena huko Harlem, kwa sababu studio haikutosha. Mbele ya picha kama hizo mwili wako ndio unatembea. Kwenye ubao mdogo inabidi jicho litembee badala ya miguu, kwa hiyo kalamu ya hatua ya 2 iwe nyembamba kabisa, ili mtu asogee karibu, kisha alama za wino zimrudishe nyuma.

Mwanachama wa Zanzibar: Wateja wangu wanauliza "hii ni nini?" Niwajibu nini?

Waambie mahali ulipokaa na daftari. "Hii ni Darajani, saa kumi na moja jioni." Halafu nyamaza, waache watafute. Mmoja aliniambia ameona mpaka gari lililomgonga mbuzi wake. Sikuchora mbuzi, lakini alinunua.