SOMO: Kupanda boti Ziwa Tanganyika ukiwa na kiti mwendo (someni kabla ya kunifuata inbox)

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara tisa, mara mbili na mtu yuleyule. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

Kwa wasionifahamu: nilidondoka kwenye mchikichi nikikata mikungu, uti wa mgongo ukaumia, na kuanzia kiunoni kwenda chini sihisi kitu. Nimeshatoka mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, kwa boti mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, hadi Gombe kwenye hifadhi ya sokwe na kijiji cha Mwamgongo kwa mashemeji. Sijafa.

1. Saa. Panda asubuhi, ziwa likiwa bado limelala. Mei hadi Septemba kusi anavuma, na nahodha akisema tusubiri, subiri.

2. Nenda mwaloni siku moja kabla, na kiti chako. Usipige simu ukasema "nina mgonjwa". Nahodha akione kiti kwa macho, na wewe uione boti: ubavu wake una kimo gani, kuna nafasi ya kulaza kiti, injini imekaa wapi. Boti ya abiria ni nafuu lakini inajaa magunia, watu na kuku. Ya kukodi ni ghali ila inakusubiri. Mkiweza kuchanga watu watano au sita, kodini.

3. Kiti. Kaza nati zote, jaza upepo, beba spana na kiraka.

4. Mchangani. Usisukumwe kwa mbele, magurudumu madogo yatachimba na utaanguka kifudifudi. Geuza kiti, kiinamishwe nyuma kidogo, uvutwe kinyumenyume kwa magurudumu makubwa. Kama kuna mbao mbili, zitandikwe zikipokezana.

5. Kubebwa kuingia botini. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulieni.

Safari yangu ya kwanza niliona aibu kuwaelekeza watu wazima namna ya kunibeba. Nikanyamaza. Vijana wanne wakanivamia kwa moyo mzuri kabisa, kila mmoja akashika alipopaona. Wa mbele kulia alishika kikanyagio cha mguu, na kikanyagio kimetengenezwa ili kichomoke. Kikachomoka. Ninachokumbuka ni yule kijana amesimama kwenye maji ya kiunoni, kikanyagio mkononi kama mtu aliyeng'oa muhogo, ananitazama ninavyokwenda. Nyonga ikagonga ubavu wa boti. Sikusikia maumivu, na ubaya ndio huo: nikacheka na wenzangu njia nzima, jioni mke wangu ananivua suruali anakuta nyonga imevimba na kubadilika rangi. Wiki tatu nimelala ubavu mmoja. Kikanyagio chenyewe kijana alikiangusha kwa mshtuko. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale penye kina zaidi, kikanyagio changu kilizama pale mtoto anapoogea, na hadi leo hakijaonekana.

Basi, fanyeni hivi:

Kwanza vua kila kinachochomoka: vikanyagio, mikono ya kiti, mto. Vitangulie botini ndani ya mfuko.

Kama maji yanazidi magoti ya wabebaji, usibebwe na kiti. Kiti changu kina kilo kumi na nane, za nini kuwaongezea watu wanaotafuta pa kukanyaga? Mmoja anakaa nyuma yako, anapitisha mikono chini ya makwapa na kukamata vifundo vya mikono yako uliyoipishanisha kifuani. Wa pili anashika chini ya mapaja, karibu na magoti. Wa tatu awe ameshaingia botini, anapokea. Wa nne anashikilia boti isicheze.

Kama mko kwenye gati na lazima ubebwe na kiti, funga breki, halafu wote washike bomba la fremu tu. Waonyeshe kwa kidole, mmoja mmoja: "Wewe hapa, wewe hapa." Mwambie kila mtu aguse kabla ya kunyanyua.

Anayehesabu ni wewe. Si nahodha, si shemeji. Na mkubaliane kama mnanyanyua kwenye tatu au baada ya tatu, maana nusu ya ajali hutokea hapo.

Anayenuka gongo asikuguse. Hela ya wabebaji itoke ukishakaa.

6. Ndani ya boti. Kiti kikunjwe, kilazwe chini, kifungwe kamba kwenye boti. WEWE usifungwe kwenye kiti wala kwenye boti. Boti ikipinduka kiti kinazama, na aliyefungwa nacho anakisindikiza. Kalia mto wako juu ya ubao, sio ubao mtupu, na kila baada ya muda jinyanyue kwa mikono usipate vidonda vya mgandamizo. Kaa mbali na injini. Kuna mwenzangu aliegemeza mguu kwenye bomba la moshi kutoka Kibirizi hadi Gombe, akashtuliwa na harufu.

7. Jaketi la uokozi, limefungwa, tangu ufukweni. Lijaribu kwanza kwenye maji mafupi: miguu isiyo na nguvu huelea, uone kama uso unabaki juu.

8. Haja ndogo: panga kabla. Usijinyime maji siku nzima ukaugua figo kwa ajili ya aibu. Wenye mpira wa mkojo, mfuko umwagwe kabla ya kupanda.

9. Kushuka ni hatua ya 5 kinyume chake.

MASWALI

Kaka wa Ipuli: Mkuu bei gani hadi Gombe?

*Jibu:* Bei inakwenda na mafuta na idadi yenu. Hatua ya 2, siku moja kabla, mwaloni.

Chuma cha Pua: Mimi nitakaa kwenye kiti changu nifunge mkanda, si ndio salama zaidi?

*Jibu:* Hatua ya 6. Kuna neno nimeliandika kwa herufi kubwa.

Mama Neema, Mwanga ya hapa Kigoma: Shikamoo kaka. Nina binti wa miaka saba ana mtindio wa ubongo, shingo haijakaza vizuri. Kila akiona boti anapiga kelele za furaha. Naogopa. Inawezekana?

*Jibu:* Marahaba mama, inawezekana, na nimefurahi umeuliza. Yeye asibebwe na kiti hata kidogo. Mtu mmoja mwenye nguvu amkumbatie, kichwa kimelala begani, mkono mmoja nyuma ya shingo, na mtu wa pili atembee pembeni yao akiwashika. Tafuta jaketi la mtoto lenye kola kubwa nyuma inayoshikilia kichwa, la mtu mzima litampanda hadi masikioni. Botini mpakate ukiwa umekaa chini katikati, hapo mtikisiko ni mdogo. Na samahani kwa hili, najua ni mazoea yetu sote: usimfunge mgongoni kwa kanga. Ukianguka majini naye amefungwa, wewe unaelea, yeye uso uko chini. Asile shibe kabla ya safari, akitapika huku kichwa kimeinama nyuma atapaliwa. Anza na boti iliyosimama tu, hapo Katonga, nusu saa. Akipenda, siku nyingine zungukeni kidogo. Ukiwa tayari niambie, nitakuja na vijana wangu wawili waliofundishika.

Mzee wa Busara: Sio kwa ubaya, lakini hali kama hiyo unatafuta nini ziwani? Si utulie nyumbani.

*Jibu:* Nilipata ulemavu nikiwa juu ya mti, mzee. Nchi kavu kabisa.

Binti Unyanyembe: Niko Tabora, natumia kiti mwendo. Treni hadi Kigoma naiweza? Na Gombe kwenyewe tunaona nini sisi ambao hatupandi milima?

*Jibu:* Dada, maswali mawili mazuri. Reli imefika hapa tangu 1914 na mwisho wake ni hapa, kwa hiyo huna hofu ya kupitilizwa kituo. Shida ni ngazi za behewa, ziko juu na mlango ni mwembamba. Fika stesheni mapema, umwone mkuu wa stesheni kabla abiria hawajaanza kusukumana, uingizwe wa kwanza. Kubebwa ni kama hatua ya 5, bila kiti. Pima upana wa kiti chako, kwenye ujia wa behewa hakipiti kikiwa wazi. Omba kitanda cha chini.

Gombe hakuna barabara. Njia za sokwe zinapanda mlima, na kiti hakifiki, nisikudanganye. Lakini ufukwe wa Kasekela ni wako. Nyani wanashuka hadi majini, usiweke chakula mapajani. Nilikaa chini ya mti nikawasikia sokwe wakiitana huko juu bondeni, wenye miguu wakarudi saa nane wamelowa jasho na hawakuwaona. Ukiwa na mafua ahirisha, wanaambukizwa na sisi.

Msafiri wa Mbali: Na ile meli ya ziwani, Liemba, je? Halafu dada yangu yuko ng'ambo anataka kunilipia meli kubwa ya kitalii, zile zinazopita Zanzibar. Masharti ni haya haya?

*Jibu:* Liemba kwanza ulizia bandarini kama iko safarini. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande, ikazamishwa 1916 na Wajerumani wenyewe, Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini. Wakati huo nani alifikiria kiti mwendo? Gati la Kigoma halina taabu. Taabu ni vituo vya kusini, vingi havina gati, abiria wanapokelewa na mitumbwi katikati ya maji, usiku. Nenda na watu wako.

Meli kubwa, nilimsaidia rafiki wa Tabora kujaza fomu zake. Humo ndani kuna lifti na vyumba vya wenye viti mwendo, mlango mpana, bafu lisilo na kizingiti. Vyumba hivyo ni vichache, vinawahiwa miezi mingi kabla. Usikubali kuambiwa "chumba cha kawaida kitatosha", wape upana wa kiti chako kwa sentimita. Halafu swali ambalo watu husahau: kila bandari, meli inafunga gatini au inatia nanga nje? Ikitia nanga nje watu wanashushwa kwa boti ndogo, na asiyeweza kupanda ngazi mara nyingi anaambiwa abaki. Kiti cha betri ndicho huachwa zaidi. Utalipa nauli ya miji sita ushuke miwili, wengine uwapungie mkono.

Msafiri wa Mbali: Kumbe hata huko ni kubebwa tu!

*Jibu:* Hapa wananibeba. Kule nahodha akikataa amekataa.

Fundi Baiskeli Ujiji: Mchango wangu: mkirudi suuzeni magurudumu kwa maji safi siku hiyohiyo, mchanga wa ziwa unakula beringi. Halafu pakeni mawese, yanalainisha vizuri na hayana gharama.

*Jibu:* La kusuuza, sawa kabisa, fundi. La mawese, hapana. Nililijaribu. Asubuhi yakaganda, mchana yakayeyuka yakashika vumbi lote la Mwanga, na sisimizi wakahamia. Grisi ya kopo, na mawese yabaki kwenye samaki wetu kuhe.