Somo: kuchagua kwa handikapu katika mtoano wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani

Wanachama wapya wameongezeka, na karibu kila mmoja ananitumia swali lile lile: "Mwalimu, nani anashinda wikiendi hii?" Nani anashinda, hata mpita njia atakuambia. Sisi tunaangalia namba iliyobandikwa kwenye mechi: imezidi, au imepungua? Nimeandika yote mara moja ili nisiyarudie kwenye simu usiku wa manane.

Kwa wasiotujua: tuko kumi na wawili hapa Columbus, Ohio, na wengine wanajiunga kutoka Dar, Mombasa na Nairobi. Kila mtu anachagua mechi zote 13 za mtoano kwa handikapu, yaani pointi ambazo timu inayopewa nafasi kubwa inakatwa (-) na mnyonge anaongezewa (+). Anayeshika mkia ananunua mbuzi. Anayetaka kuweka pesa kwenye kampuni ya kubashiri, hiyo ni shauri yake, ila hesabu ya pesa nitaitoa kwa sababu inazindua.

Hatua ya 1: isome namba

Super Bowl (fainali ya NFL) ya Februari 2005, Patriots walikuwa -7 dhidi ya Eagles. Yaani kwa upande wetu Patriots wanakatwa pointi 7, kisha ndipo tunatazama nani yuko mbele. Walishinda 24-21 na kombe wakabeba, lakini aliyewachagua kwa -7 alipoteza, na aliyechukua Eagles +7 alipata. Mwaka mmoja kabla ilikuwa hivyo hivyo: Patriots -7, wakawashinda Panthers 32-29. Mabingwa mara mbili mfululizo, na mara zote mbili mikeka yao ilichanika.

Tofauti ikiwa 7 kamili, dau linarudishwa. Ndiyo maana mara nyingi utaona nusu: 6.5, 7.5. Nusu ile si pambo.

Anayetajwa kuwa baba wa mtindo huu ni Charles McNeil, mwalimu wa hisabati aliyehamia kwenye kamari huko Chicago miaka ya 1940. Na hisabati yenyewe ni hii: bei ya kawaida ni kuweka 110 ili upate faida ya 100, ambayo kwenye programu za kubashiri za nyumbani Afrika Mashariki inaandikwa 1.91. Katika mechi 21 ukipatia 11 na kukosea 10, umetoka mikono mitupu: 1,100 zimeingia, 1,100 zimetoka. Sasa rudi kwenye mtoano wenye mechi 13. Ukipatia 7 na kukosea 6, faida yako ni 40. Geuza, patia 6 na ukosee 7, umepoteza 170. Mechi moja tu imegeuka.

Hatua ya 2: andika namba yako kabla hujaona yao

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, nami naona ndiyo somo lenyewe. Ukishaona "-6.5" kwenye skrini, akili yako inaanza kuitetea. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua programu yoyote, chukua karatasi.

Anza na wastani wa tofauti ya pointi wa kila timu msimu mzima. Tuseme timu ya nyumbani huwazidi wapinzani kwa pointi 8 kwa mechi, na wageni wao ni 3. Tofauti ni 5. Ongeza uwanja wa nyumbani: wazee wa kazi hii walikuwa wakihesabu 3, lakini faida hiyo imepungua na mimi siku hizi naweka kati ya 1.5 na 2. Super Bowl huchezwa kwenye uwanja uliopangwa miaka kabla, kwa hiyo hapo kwa kawaida weka sifuri. Tumefika karibu 7.

Kisha safisha. Toa mechi ya wiki ya mwisho ikiwa timu ilishajihakikishia nafasi na ikapumzisha wachezaji wake. Hizo pointi ni za wachezaji wa akiba. Angalia timu iliyojaza wastani wake kwa kuokota mipira iliyoponyoka mikononi mwa wapinzani. Kumdondosha mtu mpira ni ufundi, lakini mpira ukishakuwa chini unadunda unavyotaka, na mwezi ujao utadunda kwa wengine. Mwisho, jiulize ni kwotabeki yupi (mtupaji wa mpira anayeongoza mashambulizi) alicheza mechi hizo. Wastani uliojengwa na aliyeumia Desemba haukusaidii Januari.

Ukipata 7 na soko linasema 6.5, huna chochote. Funga daftari.

Hatua ya 3: ziheshimu 3 na 7

Mpira huu haufungwi pointi moja moja kama soka. Teke kati ya milingoti ni 3. Tachidauni, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ni 6, na teke lake la nyongeza hukamilisha 7. Kwa hiyo mechi huishia kwenye tofauti fulani kuliko nyingine. Karibu mechi moja kati ya saba huisha kwa tofauti ya 3 hasa, na 7 inafuata. Super Bowl zenyewe zilizoisha kwa 3 tangu 2002 ni hizi: 2002, 2004, 2005, 2008, 2013, 2023 na 2024. Kutoka -2.5 hadi -3.5 ni mto wenye mamba, kutoka -4.5 hadi -5.5 ni kijito, unaruka.

Nasema kijito, lakini mimi nilizama humo. Tarehe 14 Januari 2018, Vikings na Saints, nilikuwa na Vikings -5.5. Zimebaki sekunde 10, Saints wanaongoza 24-23. Case Keenum anatupa, Stefon Diggs anaruka, beki anamkosa, Diggs anakimbia hadi mwisho wa uwanja na saa inasoma sifuri. 29-24! Nimesimama juu ya kochi. Shemeji yangu, aliyechukua Saints, ananiambia kwa upole, "Keti, bado." Sheria ya wakati ule iliwataka Vikings warudi kujaribu pointi ya nyongeza hata kama muda umekwisha. Wakirudi na kupiga teke, tofauti inakuwa 6 na mimi nimepata. Keenum akapokea mpira, akapiga goti. Tofauti 5. Timu niliyoichagua ilishinda kwa muujiza nami nikashindwa kwa nusu pointi. Tangu msimu uliofuata, sheria hiyo imeondolewa: mshindi akishapatikana kwa mchezo wa mwisho, watu wanakwenda nyumbani.

Muda wa nyongeza nao una namba yake. Tachidauni ikimaliza mechi hakuna teke la ziada, hivyo tofauti ya 6 hujitokeza: Patriots 34-28 Falcons mwaka 2017, Chiefs 42-36 Bills Januari 2022. Baada ya mechi hiyo ya Bills sheria ilibadilishwa ili katika mtoano timu zote mbili zipate mpira. Tukaona matokeo yake Februari 2024: 49ers wakapata 3, Chiefs wakajibu kwa tachidauni, 25-22. Tumerudi kwenye 3.

Hatua ya 4: habari za Ijumaa na hali ya hewa

Kwa mechi ya Jumapili, timu hutoa ripoti ya mwisho ya majeruhi Ijumaa. Orodha ya wasiocheza kabisa hutoka dakika 90 kabla ya mechi. Usitazame kwotabeki tu. Mstari wa mbele unaomlinda ukipungukiwa watu wawili, kwotabeki bora wa dunia atacheza amelala chali.

Baridi inaogopwa kupita kiasi. Januari 2024 Kansas City ilikuwa karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Chiefs wakawashinda Dolphins wa Miami 26-7, na kila mtu akasema ni baridi. Dolphins walikuwa pia na majeruhi wengi upande wa ulinzi. Mimi naogopa upepo zaidi, kwa sababu upepo unaharibu pasi ndefu na mateke. Hata hivyo hilo huathiri zaidi jumla ya pointi kuliko nani atashinda.

Hatua ya 5: mnyonge anaweza kushinda kabisa?

Wapya hupenda kuchukua timu dhaifu "kwa sababu imepewa pointi nyingi". Lakini katika mechi nyingi za mtoano pointi zile hazifanyi kazi yoyote: anayeshinda mechi ndiye anayeshinda na handikapu. Packers, timu ya saba katika NFC (moja ya pande mbili za ligi), walikwenda Dallas Januari 2024 wakipewa takribani 7, wakaifunga Cowboys 48-32. Titans mwaka 2020 waliwatoa Ravens waliokuwa na rekodi ya 14-2 (ushindi 14, vipigo 2), kwa 28-12. Waliowachagua hawa hawakuhitaji hata pointi moja ya zawadi.

Kwa hiyo kabla ya kumchukua mnyonge, nieleze kwa sentensi mbili atashindaje. Anakimbiza mpira na kula saa? Ana watu wa kumfikia kwotabeki bila kutuma beki wa ziada? Giants walivyowafanyia Patriots waliokuwa 18-0 mwaka 2008, 17-14, njia ilikuwa hiyo ya pili. Kama huna sentensi hizo mbili, unanunua pointi kwa huruma.

Hatua ya 6: linganisha bei, au pita

Kampuni moja ina -3, nyingine -2.5 kwa bei ile ile. Chukua -2.5. Ni hayo tu. Na kama mnaweka pesa, mechi zote 13 si lazima. Sisi kwenye kundi tunalazimika kwa sababu ya mbuzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mombasa: Mwalimu, hii si ile handikapu ya soka tunayoijua?

Jibu: Ni ndugu, ila kuna mtego. Kwenye soka tumezoea dau la dakika 90, na muda wa nyongeza hauhesabiwi. Handikapu ya mechi nzima ya NFL huhesabu muda wa nyongeza. Ulikuwa unaongoza kwa +2.5 mechi ikiwa sare hadi mwisho wa robo ya nne? Bado hujapata kitu. Soma masharti ya kampuni yako kabla, ndugu yangu.

Dar es Salaam: Namba ikisogea kutoka 3.5 hadi 4.5, si maana yake wajuzi wameingia? Nifuate?

Jibu: Wajuzi au umati, wewe bei imeshakupita. Na kusogea kunaweza kuwaumiza hata wenye kampuni. Super Bowl ya Januari 1979, Steelers walianza -3.5 dhidi ya Cowboys, pesa zikaisukuma hadi -4.5. Matokeo 35-31. Tofauti 4! Waliowahi Steelers wakalipwa, waliochelewa wakachukua Cowboys wakalipwa pia. Las Vegas bado wanaisimulia.

Nairobi: Kwa nini nisiweke zote sita za raundi ya kwanza kwenye mkeka mmoja? Hela ni nyingi.

Jibu: Hesabu nawe, dada. Tuchukulie kila mechi ni nusu kwa nusu. Sita zote kutoka ni mara moja katika 64. Kampuni inakulipa 1.91 mara sita yenyewe, karibu 48.5. Pengo kati ya 48.5 na 64 ndilo linalolipia matangazo yao ya redio.

Kijana wa Columbus: Shikamoo mwalimu. Nimekosa nne mfululizo. Ya tano niongeze dau nirudishe?

Jibu: Marahaba. Hapana. Mechi ya tano haijui kuwa umekosa nne. Kama hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba, njoo tuzungumze pembeni, na wikiendi hii uchague kwa ajili ya mbuzi tu.

Mombasa tena: Mechi zinaanza saa ngapi huku kwetu?

Jibu: Januari mnatutangulia kwa saa nane. Mechi ya saa saba mchana ya huku mashariki, kwenu ni saa tatu usiku. Super Bowl ni saa nane na nusu usiku kuamkia Jumatatu, kwa hiyo bosi aambiwe mapema.

Columbus: Mwalimu, kwa heshima zote, mbuzi wa mwaka jana yuko wapi?

Jibu: Nilijua litaulizwa. Ndiyo, mwaka jana aliyeshika mkia ni mimi, mechi 5 kati ya 13, kwa kufuata hatua hizi hizi zote sita. Mbuzi nimeshamlipia, mwenye bucha anasema Jumamosi.